Nje kwa Kidole Kimoja

Jumamosi, 8 Machi

Hili daftari nimemnyang'anya dada yangu Nerima. Alikuwa ameandika kurasa mbili za Baiolojia halafu akachoka na maisha. Nimezing'oa. Kuanzia leo ni mali ya Maxwel Sitati, miaka ishirini, mkaazi wa Bondeni, ambaye shule iliachana naye Form Two lakini kuandika anaandika, mtaona. Jina langu la korti ni Jicho. Sikujipa mwenyewe. Sawa, nilijipa, lakini limeshika.

Klabu yetu ya tenisi ni korti mbili za marram, udongo mwekundu, nyuma ya nyumba za kaunsili. Laini tunapaka kwa chokaa, wavu umeshonwa na kamba za viatu. Refa hakuna, hajawahi kuwako. Mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye wa kusema ni nzuri ama ni aut, yaani nje. Na kama hukuona vizuri, unampa mwenzako pointi. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo huua watu. Mimi sijawahi kukosa kuona vizuri.

Ukutani kuna ubao tunaouita ngazi. Kila mchezaji ana kibao chake chenye jina, kimetundikwa kwa msumari. Ukitaka kupanda unamchalenji aliye juu yako, mnacheza Jumamosi, ukimtandika mnabadilishana misumari. Mimi ni wa tatu. Wa pili ni Nyongesa wa bodaboda, ana domo kama honi yake. Wa kwanza ni jamaa wa Kabazi anaitwa Micah Kibii, hushuka mjini na kabichi za babake, na huongea kama maneno yanatozwa ushuru.

Nimemchalenji Nyongesa.

Jumamosi, 15 Machi

Mimi ni wa pili! Andika hiyo kwa mawe.

Nyongesa alicheza vizuri, sikatai. Lakini seti ya mwisho, tano kwa tano, akapiga mpira wa pembeni ukagusa laini. Vumbi la chokaa liliruka, labda. Nikainua kidole kabla hata haujadunda mara ya pili.

"Aut!"

"Jicho, acha ujinga. Chokaa imeruka!"

"Ni vumbi, boss. Kuna upepo."

"Upepo uko wapi?"

"Umepita."

Akamwangalia Milcah. Kapteni Milcah ni fundi wa cherehani, ndiye anatunza ubao na funguo za stoo, na alikuwa mchezaji hatari wakati wake. Yeye huketi kwenye kreti la soda akishona vifungo huku anaangalia. Hakuinua hata uso.

"Ni upande wa Sitati," akasema. "Sitati ndiye anajua alichoona. Na Mungu."

Mungu hakusema kitu. Nikaserve.

Jumanne, 18 Machi

Mvua.

Jumatano, 19 Machi

Mvua tena. Laini zote zimeoga zikaenda zao.

Jumamosi, 22 Machi

Leo hakukuwa na mechi lakini Milcah alituita sote, akaweka chini shati la mtu alilokuwa anashona, nikajua kuna jambo.

Kuna shamba moja la maua Naivasha limejenga korti za watoto wa wafanyakazi. Wanataka kijana mmoja. Atafundishwa ukocha mwaka mzima, apewe chumba, halafu aajiriwe hapo hapo. Wamemwomba Milcah jina moja.

"Mimi sina mtoto wa kupendelea," alisema. "Jina litakalokuwa kwenye msumari wa juu tarehe thelathini na moja Mei, jioni, hilo ndilo natuma."

"Na kama ni la mwizi?" Nyongesa akauliza.

Kila mtu akaniangalia. Mimi nikaangalia mawingu, maana yalikuwa mengi na mazuri.

Nimefika nyumbani siwezi kukaa. Nimefagia, nimekunja nguo, nimefagia tena, mpaka mathe, mama yetu, akaniuliza kama ni mgonjwa. Mathe anauza viatu vya mitumba na ameshasema neno lake: Juni ikinipata hapa bila kazi, naenda Bungoma kwa mjomba kupalilia miwa. Mimi na miwa hatujawahi kuelewana. Na mjomba akishakushika hakuachi, binamu yangu alienda kwa wiki mbili, huu ni mwaka wa nne.

Kocha Sitati. Hebu litamke uone linavyokaa.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeshindwa na Micah. Nitaeleza na nitasema ukweli, kwa sababu hata mimi sijaelewa.

Yule jamaa ni mtakatifu ama ni mjinga. Mipira yangu ya pembeni, ile inayolamba laini na ile inayoikosa, yote anasema "nzuri." Nilipiga mmoja ulioenda nje mpaka nikaanza kutembea kwenda kuuokota kwa aibu, nikasikia, "Nzuri. Pointi yako." Nikageuka. Hatanii. Uso wake kama sufuria iliyosuguliwa.

Pamoja na zawadi zote hizo alinishinda seti mbili kwa moja. Hatafuti laini. Anarudisha tu, katikati, mzito, anarudisha, mpaka unachoka unagonga wavu.

Tukashikana mikono.

"Wewe ni mkristo wa aina gani?" nikamwuliza.

"Wa kawaida," akasema.

"Ule mpira ulikuwa nje, Micah."

"Sikuuona ukiwa nje. Sheria ni hiyo, sivyo?"

Sheria! Mtu ana kazi ya Naivasha mkononi anaongea sheria.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimecheka mpaka mathe akanitupia kiatu.

Nilikuwa nimekaa kibandani na Nerima. Ng'ambo ya barabara, mwenye duka la makoti ana sanamu la plastiki la kuvalisha nguo, leo limevaa koti la bluu na kofia. Micah anapita na gunia begani. Anasimama. Analipungia mkono. Halijibu. Analipungia tena, anasema kwa heshima zote, kwa salamu ya kwao, "Chamgei." Halafu anaenda zake, amekasirika kidogo, mtu aliyenyimwa salamu.

"Amesalimia sanamu!" Nerima akalia machozi. "Wuui! Na ni yule bingwa wenu?"

Nilicheka pamoja naye. Halafu nikasimama, nikaketi, nikasimama.

Yeye akisoma ubao wa ngazi huweka pua pale pale kwenye kibao. Nilidhani ni maringo, ananusa jina lake.

Micah haoni mbali.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimefanya utafiti. Wanasayansi wote wa dunia hii wangenipa mkono.

Nilimwomba Micah tupige mipira kidogo tu, bila mechi, kabla hajarudi Kabazi. Mpira wa kwanza nikautia nje ya laini ya pembeni kwa kidole kimoja. "Nzuri." Wa pili nje kwa kiganja. "Nzuri." Wa tatu nje kwa urefu wa kiatu, na mimi navaa namba tisa. Akakunja macho, akasita, akasema, "Nzuri." Nje kwa raketi nzima ndipo aliposema aut.

Yaani korti yake ni pana kuliko ya watu wengine. Kila upande nimeongezewa kiatu kizima na mtu mwenyewe hajui.

Nimemchalenji tena. Jumamosi baada ya Pasaka.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kanisani. Mhubiri aliongea kuhusu vipofu. Nilitoka nje kunywa maji.

Jumamosi, 26 Aprili

MIMI NI WA KWANZA.

Sita-nne, sita-nne. Msumari wa juu, Maxwel Sitati. Nimemwambia Nerima anipigie saluti, akanipigia na kijiko.

Namna ilivyokuwa: kila nikipata nafasi nilipiga pembeni, mbali naye, nje kwa kiganja. "Nzuri." "Nzuri." "Nzuri." Nilihesabu mpaka kumi na moja, nikaacha kuhesabu. Nyongesa pale kwenye ua alikuwa anapiga kelele, "Kibii, amka! Hiyo ilienda mpaka Njoro!" Micah hakugeuka. Mpira upande wake, neno lake.

Na mimi? Sikusema uongo hata mara moja leo. Hilo ndilo linanifurahisha. Hakuna mtu anaweza kusema Jicho ameiba. Nilinyamaza tu.

Mwishoni akaja wavuni akanishika mkono kwa mikono yake miwili, wanavyoshikana wazee.

"Leo umezipata laini kweli kweli," akasema. "Sijawahi kuona mtu anapiga laini hivyo. Utanifundisha."

Nikasema sawa.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Nilidhani nitaamka nikiwa na furaha zaidi.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Watu wamelala. Mimi nimetembea mpaka lango la mbuga ya ziwa na kurudi bila sababu yoyote. Mathe anasema nina minyoo.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua ilinyesha tangu asubuhi, korti ni uji. Micah alikuja hata hivyo, kwa miguu kutoka stendi, raketi imefungwa na karatasi ya nailoni. "Nimekuja ili unifundishe laini," akasema. Nikamwambia nina homa. Akaniachia kabichi.

Kabichi! Kubwa kama kichwa cha Nyongesa. Mathe amefurahi, amepika, ananiambia kula. Nimekula. Ilikuwa tamu, na hiyo ilinikasirisha zaidi.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Nerima ameuliza mbona natingisha mguu saa zote, mpaka meza inatetemeka anashindwa kuandika. Nimemwambia ni mazoezi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemwambia.

Sikupanga. Mvua ilitushika, tukajibana chini ya bati la stoo, mimi na yeye tu, Milcah alikuwa ndani anapanga nyavu. Micah akanyoosha kidole upande wa korti ya pili, akauliza kama kuna watu wanacheza kwenye mvua. Hakukuwa na watu. Zilikuwa fito mbili za wavu.

"Micah," nikasema kwa sauti ya chini, "wewe huoni."

Akashusha kile kidole.

"Naona karibu," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu shule. Nilikuwa nakaa mbele." Akakwangua matope kwenye kiatu. "Walipokuja kuchukua vijana wa jeshi, nilikimbia nikawa wa pili, vijana mia mbili. Halafu wakaleta zile herufi za ukutani. Wakaniambia nenda nyumbani."

"Na miwani?"

"Nani atachukua kocha wa miwani, Sitati? Watasema kipofu ametumwa kufundisha watoto. Mpaka tarehe thelathini na moja nataka kila mtu anione mzima. Nikipata hiyo kazi ndipo nitajitafutia macho." Halafu akaniangalia, kutoka karibu, na kutoka karibu anaona vizuri sana. "Baba ameshaongea na jamaa yetu wa ng'ombe huko Baringo. Juni mimi ni wa ng'ombe."

Yeye ng'ombe, mimi miwa.

"Sitasema," nikamwambia.

"Asante." Akafikiri kidogo. "Ile mechi ya baada ya Pasaka. Mipira yako. Ilikuwa kwenye laini?"

Milcah akafungua mlango wa stoo akatutuma tubebe nyavu. Sijawahi kukimbilia kazi namna hiyo.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Nimemwuliza Nerima swali bila jina la mtu: kama mtu hajui unamchukulia, na wewe husemi uongo, huo ni wizi?

"Umechukua nini changu?" akasema, akaanza kuhesabu kalamu zake.

Jumamosi, 17 Mei

Micah amenichalenji. Mechi ni tarehe thelathini na moja, siku ya mwisho kabisa. Milcah aliandika kwenye ubao, akatuangalia mmoja baada ya mwingine. "Mcheze kama watu," akasema.

Hii ndiyo shida na nimeizungusha kichwani mpaka imelainika. Nikicheza nilivyocheza, nashinda, naenda Naivasha na jina la wizi ambalo nalijua mimi peke yangu. Nikisema mwenyewe, "Micah, huo mpira wangu umetoka," basi ni haki, mchezaji anaruhusiwa kujitolea aut. Lakini nikisema mara tatu, nne, kila mtu kwenye ua atajiuliza mbona yule wa upande ule hakuona. Na Milcah si mjinga. Nikiwa mwaminifu namuuza. Nikinyamaza namwibia.

Nani aliniambia nimfanyie mtu utafiti?

Jumatatu, 26 Mei

Mazoezi peke yangu, ukutani.

Ijumaa, 30 Mei

Nimepaka chokaa mimi mwenyewe. Nimenyoosha kamba mara tatu. Sijawahi kuona laini zimenyooka hivyo, ni kama zimepigwa pasi.

Jumamosi, 31 Mei

Naandika haya yote kabla sijasahau, ingawa sidhani nitasahau.

Saa nane. Mawingu yameshuka kutoka mlimani Menengai lakini hayajamwaga. Watu wamejaa kwenye ua, hata mathe amefunga kibanda. Micah amekuja na babake, mzee mrefu mwenye koti zito, ambaye alinisalimia, "Wewe ndiye yule rafiki?" Nikasema ndiyo, mzee. Ningesema nini?

Gemu ya tatu ya seti ya kwanza, nikapiga pembeni. Sikukusudia, mkono una mazoea yake. Nje kwa kiganja. "Nzuri," Micah akasema.

"Hapana," nikasema. "Wangu umetoka. Pointi yako."

Halafu Nyongesa akainua mikono juu, "Haleluya! Jicho ameokoka!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Mathe alikuwa anapiga makofi, hajui kinachoendelea.

Micah akatembea mpaka wavuni. Amekasirika. Sijawahi kumwona amekasirika.

"Upande wangu ni mimi nasema," akanong'ona.

"Umetoka, Micah. Mimi nimeona."

"Najua umeona. Usiwaonyeshe kwamba mimi sikuona. Uliniahidi. Baba yuko hapo."

"Sasa unataka nikuibie?"

"Nataka ucheze."

Nikageuka nikamwona Milcah. Ameacha kushona. Sindano iko hewani, uzi unaning'inia, na macho yake yako kwa Micah, si kwangu.

Basi nikacheza. Nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya tangu nishike raketi. Niliziacha laini. Kila mpira niliupiga ndani kabisa, hatua mbili kutoka laini yoyote, mahali ambapo hata mtu aliyefunga macho hawezi kuuliza ni wapi. Katikati. Anakopenda yeye. Ni kama kwenda kupigana na mtu nyumbani kwake, jikoni kwake, na mwiko wake.

Nilishindwa seti ya kwanza sita-mbili. Nyongesa akauliza kama nimepewa kitu. Seti ya pili nikaanza kuelewa: yeye ni mzito lakini mimi nina miguu. Kama hatuendi pembeni, tutakimbizana mbele na nyuma. Nikampa mfupi, nikampa mrefu, mfupi, mrefu, mpaka nikamsikia anahema kama lori la Kabazi. Sita-nne, yangu. Hakuna mpira hata mmoja ulioulizwa. Nilikuwa nimelowa jasho na nilikuwa na furaha fulani ambayo sijui niiandikeje. Sikuwa nikingoja kuona nani ataniamini.

Seti ya tatu manyunyu yakaanza. Tano-tano. Sita-tano, mimi. Arobaini-thelathini, mimi. Pointi moja na kazi ni yangu.

Nikaserve katikati. Akarudisha. Tukarudishiana kumi, kumi na tano. Kisha yule mtu ambaye hapigi laini, leo, kwa mara ya kwanza, akapiga laini. Mpira wa pembeni, mkali, chini, mbali na mimi. Nikaukimbilia mpaka nikauona ukidunda mbele ya macho yangu, karibu kiasi kwamba tope lilinirukia mdomoni.

Nje. Kwa kidole kimoja. Kati ya mpira na ile chokaa yangu kulikuwa na mstari wa udongo mwekundu, mwembamba, ungeweza kulaza kalamu hapo.

Hapo ndipo ningeweza kumpa. Najua. Ningesema "nzuri" watu wote wangenipenda, na nina deni la mipira kumi na moja kwake. Lakini hiyo nayo si ukweli. Nikimpa kwa huruma, ni mimi tena ninayeamua laini iko wapi.

"Aut," nikasema.

Mlipuko! "Mwizi! Mwizi! Alijua kungoja!" Nyongesa amepanda juu ya ua. Mtu ametupa gunzi. Hata Nerima, dada yangu wa damu, ameshika kichwa. Nikaonyesha alama chini. Lakini kwa yale manyunyu alama zilikuwa sita, saba, zinayeyuka, na mmoja akasema ni ile iliyo kwenye laini, mwingine hii, na mimi nimeinama hapo kama mtu aliyepoteza funguo.

Milcah akasimama. "Kibii. Una haki ya kwenda upande wake uangalie alama. Unataka?"

Micah akanitazama kutoka ng'ambo ya wavu. Najua alichokuwa anakiona: kitu kirefu chenye fulana nyekundu, basi. Sura yangu hakuiona. Mpira hakuuona. Alama hangeziona hata akipiga magoti na babake akimshikia taa.

"Hapana," akasema.

"Huulizi?" Nyongesa akapiga kelele. "Huyo? Huyo Jicho? Kibii, huyo hajawahi kusema ukweli tangu azaliwe!"

"Leo amesema," Micah akajibu. "Ni aut. Ameshinda."

Akaja wavuni, akanipa mkono. Nilitaka kumwambia kuhusu kidole kimoja, kuhusu mstari wa udongo, nimchoree. Nikashindwa. Nikamwambia la Pasaka.

"Ile mipira yako haikuwa kwenye laini," akasema, kabla sijamaliza.

"Haikuwa."

"Nilijua baadaye. Hakuna mtu anapata laini mara nyingi hivyo." Akavuta pumzi. "Lakini huu wa leo?"

"Huu wa leo ulikuwa nje, Micah. Haki ya mama."

"Basi," akasema.

Jumapili, 1 Juni

Mvua imepita usiku. Nilienda kortini asubuhi kabla ya kanisa kutafuta alama. Hakuna alama, hakuna laini, hakuna chochote, ni bwawa lenye bata wawili.

Milcah alinikuta hapo. Ameshatuma jina. Akaniuliza mara moja tu, bila kunitazama, "Ulikuwa nje?"

"Kwa kidole kimoja, Auntie."

Hakusema ameniamini, wala hakusema hajaniamini. Akasema nipeleke cheti cha kuzaliwa kesho.

Bondeni nzima inasema niliiba. Watoto wananipigia "Aut!" nikipita. Nimeiba mara nyingi sana kwenye ile korti na hakuna mtu aliwahi kunitungia wimbo. Naenda huku na huku tu. Nimepata kila kitu nilichotaka, na nikikutana na mtu naanza kumweleza kuhusu kidole kimoja kabla hajanisalimia.

Ijumaa, 6 Juni

Micah alienda mwenyewe kwa Milcah akamwambia macho yake. Milcah akamwambia alijua tangu ile gemu ya tatu, na kwamba kama Micah angemwambia mwaka jana angekuwa ameshamshonea miwani. Amemwandikia barua ya kliniki ya macho, na amemwandikia yule jamaa wa ng'ombe barua nyingine, ndefu zaidi. Micah anabaki kufundisha watoto wa hapa Jumamosi. Ng'ombe wa Baringo watajipanga.

Jumamosi, 14 Juni

Kesho kutwa naenda Naivasha. Nguo zimeingia kwenye begi moja na nafasi imebaki.

Micah alikuja na miwani. Fremu nyeusi, nene, anafanana na karani wa chifu. Alisimama mlangoni mwa korti dakika nzima.

"Kumbe Nyongesa ana makovu," akasema.

"Sikia huyu!" Nyongesa akalia. "Rudisha miwani!"

"Na kumbe laini ni nyembamba hivi." Alichuchumaa akaipima kwa vidole. "Mimi nilidhani ni pana kama barabara."

Tukacheza seti moja, ya kuagana, haina ngazi. Mathe yuko hapo, Milcah yuko hapo, mzee wa koti zito yuko hapo. Jua limetoka, chokaa ni mbichi, kavu, nyeupe. Nikasema leo nitampiga kwa heshima. Nne-nne, nikapata mpira wangu, ule wa pembeni, nikaupiga ukalamba laini, nusu nzima ya mpira juu ya chokaa, vumbi jeupe likaruka hewani kama unga.

Micah akasukuma miwani juu kwa kidole. Akainama. Akaangalia kwa utulivu wa mtu mwenye kitu kipya.

"Aut!" akasema.

Ua wote ukageuka kuniangalia. Nilifungua mdomo. Nerima alikuwa ameshaanza kucheka, Milcah ameziba mdomo wake kwa shati la mteja. Nikaufunga mdomo, nikaenda kuokota mpira.

Amenishinda sita-nne. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunizomea: ulikuwa ndani.